Swichi Bubu

Ibra, mwezi wa nane. Saa nne tu ya asubuhi
na bisibisi inaunguza, naishika kwa leso.
Bi Ghaniya alinisikia nikiilaani ngazi kwa Kimvita
akatoka ukumbini akipapasa ukuta:
"Kumbe wa kwetu!"
Yeye wa Wete. Alitoka Pemba na mimba ya miezi sita;
mtoto akatoka, Pemba haijamtoka.

Mimi nasema stima. Yeye, umeme.
Mjukuu wake Muadh, simu mkononi, kahraba.
Testa haijali nani kasema nini,
huwaka kijitaa chake chekundu, basi.

Swichi kumi na nne za kubadilisha.
Muadh anataka za kioo, za kugusa,
zinazotii simu hata akiwa kazini Maskati.
"Bibi nitamwashia mimi."
Bibi, macho yote mawili yana mtoto wa jicho,
hakusema kitu. Alikuwa anatafuta meza kwa goti.

Nikazima kwenye bodi. Nikapima. Nikapima tena.
Vyumba vya zamani vina rangi za zamani:
nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi imepoa.
Jiko lilijengwa juzi, lina kahawia na buluu,
na nyeusi ya siku hizi, penye fezi tatu,
nayo ina moto.
Namjua mtu aliyeiamini nyeusi.
Simtaji.

Chumbani kwake, nyuma ya swichi ya kitandani,
vumbi la udongo, ganda la yai la mjusi,
na kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole
kikafungwa kwa kipande cha kanzu.
"Huyo marehemu Suwaid," alisema, sijauliza.
"Umeme alijifunza kwa kupigwa nao."
Plastiki imekuwa rangi ya chai,
ukingo mweusi kama mdomo wa chungu.
Miaka thelathini wamelala shibiri moja na moto.
Sikumwambia. Nilikata.

Kioo kikakaa sawa na pimamaji.
Muadh akapiga picha. Riyali thelathini na tano,
na halwa ya kufungiwa, nikaenda zangu.

Usiku saa tano, simu:
"Fundi, swichi yako bubu.
Nagusa, sijui nimewasha, sijui nimezima,
sijui nimegusa ukuta tu.
Ile ilikuwa ikisema *ka*,
nami nalala."

Ijumaa baada ya sala, dukani kwa Biju,
nilifungua maboksi, swichi moja moja sikioni,
kama mtu anayetikisa nazi asikie maji.
Biju akanisogezea kiti, akidhani jua limenipiga.
Hii inanong'ona. Hii inakohoa.
Ya tisa ikasema *ka*.
Baisa mia sita. Ya kawaida kabisa, nyeupe,
kwenye rafu ya chini wanapofagilia vumbi.

Nikamfungia chumbani. Za kioo zibaki sebuleni
kwa wageni wenye macho.
Akazima, akawasha. Akazima, akawasha.
Muadh akalalamika taa itaungua;
bibi akainua kidole: nyamaza, nasikiliza.
Kisha akaidai ile mbovu.
Niliifuta masizi kwa leso yangu, sikuyamaliza.
Akaipokea kwa mikono miwili,
akaibonyeza, ikasema,
haikuwasha chochote,
akaitia chini ya mto.

Safari hii sikuchukua pesa. Nilichukua chai.

Kwetu sanaiya tunalala sita, swichi moja.
Kifuniko chake kilivunjika Ramadhani ya mwaka juzi,
kinashikwa na utepe, na utepe unashikwa na utepe.
Kila wiki nasema Ijumaa.
Kinyozi hajinyoi.
Wenzangu wameshageukia ukuta.
Nikavua ndara,
nikazima kwa ndara.